Kwenye Kioo cha Kushoto

Jumanne, saa tatu kasoro robo asubuhi, Shuaibu aliingiza tipa lililojaa mawe ya msingi kwenye kiwanja kimoja kati ya Zinga na Mbegani. Alilizungusha mpaka likaangalia barabara, akaweka gia ya kurudi nyuma, akatazama kioo cha pembeni cha kulia, maana huanza na hicho. Ndani yake mlikuwa na kamba za mafundi zilizofungwa kwenye vigingi, mifuko saba ya saruji chini ya turubai, na msimamizi Twalib akimwita kwa mkono. Kisha akatazama kioo cha kushoto. Mlikuwa na watu kumi wamekaa kwenye mikeka.

Shuaibu alikanyaga breki, akangoja waondoke.

Hawakuondoka. Walikaa safu mbili chini ya mkorosho, wote wameelekea kibla, kwa hiyo yeye alipewa visogo. Palikuwa na mzee wa msuli na fulana, wanawake wenye kanga begani, na mmoja wao alikuwa na mtoto mchanga amelala mapajani. Wa kumi alikaa pembeni kidogo, kama mgeni ambaye hajaizoea nyumba. Wenzake walikwisha kurudia nguo za kushindia. Yeye nguo yake nyeupe ilikuwa bado na mikunjo ya dukani. Ni yeye peke yake aliyekuwa amegeuza shingo, juu ya bega la kulia, mkono mmoja ameutupa nyuma kana kwamba ameegemea kiti, anatazama gari linavyomjia.

Shuaibu alimjua kwa shingo hiyo. Alikuwa Mzee Mtoro, aliyefariki miezi minne na wiki moja iliyopita.

Alipiga honi mara moja, fupi, ya adabu. Yule mzee wa fulana aliinua kiganja kama mtu anayesema tumekusikia, akaendelea kukaa.

Twalib alikuja mpaka mlangoni. "Rudi, kaka. Kweupe."

"Kuna watu."

Twalib alizunguka gari lote, akachungulia hata chini ya ekseli, akarudi. "Hakuna mtu."

"Panda uone."

Twalib alipanda upande wa abiria, akakitazama kioo cha kushoto. Aliwahesabu kwa kidole, taratibu, na alipofika kwa yule mtoto mchanga alishusha sauti. "Kumi," alisema. Halafu, kwa kuwa alikuwa msimamizi na mawe yalikuwa yanasubiriwa, akasema, "Basi usitumie kioo. Geuza shingo."

Hapo ndipo palipokuwa na mzozo wa miaka mingi, ingawa Twalib, mtu wa kuja, hakuujua.

Shingo ya Shuaibu haigeuki. Alipokuwa na miaka kumi na tisa alianguka kutoka juu ya mnazi, tena mnazi wa watu, na tangu siku hiyo akiitwa na mtu hugeuka mwili mzima, kama kabati linalohamishwa. Watu walimwambia udereva asahau. Yeye akajifunza vioo. Kwa miaka ishirini na mitatu amerudi nyuma kwa vioo viwili, kwenye viwanja, machimbo na vichochoro vya Bagamoyo mjini ambavyo hata punda hupita kwa kujibana, na hajawahi kugusa ukuta wala kuku.

Mzee Mtoro alikuwa wa madhehebu mengine. Aliendesha trekta la ushirika tangu ujanani mpaka trekta likafa, na trekta lile halikuwa na kioo hata kimoja. Alirudi nyuma kwa kugeuka, mkono kwenye mgongo wa kiti, macho yake mwenyewe kule anakokwenda. Upande wa kulia wa shingo yake ulikuwa na mikunjo mitatu minene ambayo alipenda kuwaonyesha watu, kama wengine wanavyoonyesha vyeti.

Kila baada ya alasiri, kwenye benchi la kahawa pale Zinga, wawili hao walibishana. "Mwenye macho haambiwi tazama," Mzee Mtoro alikuwa akisema, "sembuse kuambiwa na kipande cha chupa. Kioo ni mpambe. Geuka mwenyewe, mwanangu, ujionee." Naye Shuaibu alikuwa akijibu kwamba shingo ikigeuka mara moja huridhika, na upande wa pili huachiwa Mungu, vioo ni viwili, havichoki, na havisimami kusalimiana na wapita njia. Muuza kahawa alisema mjadala ule ulimuuzia birika nzima kila siku kwa miaka kumi na moja. Haukuisha. Mzee Mtoro alishikwa na kifua wiki moja, akafa.

Siku ya maziko Shuaibu alikuwa Vigwaza, gari limekatika shafti, amelala chini yake na spana. Aliwahi kuhani tu, siku ya tatu. Alidhani mzee amezikwa nyuma ya msikiti, kama wengi. Hakuuliza, na hakuna aliyemwambia.

Kwa hiyo Jumanne ile alimwambia Twalib, "Yule wa mwisho ni Mzee Mtoro. Siwezi kumrudia mtu aliyenigeukia." Akatoa gia, akasogea mbele, akamwaga mawe kando ya barabara. Vibarua waliyasomba kwa toroli mpaka adhuhuri, wakilalamikia umbali.

Saa ya chai mafundi na vibarua walikuja mmoja mmoja kutazama. Ilijulikana upesi kwamba kioo kinafanya hivyo gia ya nyuma ikiwa imewekwa. Ukiitoa, kinarudi kuonyesha kamba na vigingi kama vioo vya watu wengine. Shuaibu alikaa mguu kwenye klachi, na kila aliyepanda alivua kandambili zake kwanza na kuziacha chini. Ndani ya kile kichwa cha gari kilichonuka dizeli watu walinong'ona. Fundi mmoja mwenye kelele kuliko wote, ambaye hata swala huisalia mbiombio, alitoa salamu ya makaburini neno kwa neno, akashuka akiwa na machozi, akasema hajui yametoka wapi. Shuaibu mwenyewe alikuwa na uzito mtamu kifuani ambao hakuupata tangu usiku alipozaliwa mwanawe wa kwanza. Alitamani wasimalize kupanda.

Chai ilipokwisha walirudi kuchimba msingi. Kamba ilipita kati ya safu ya kwanza na ya pili, nao wakaifuata kamba.

Jioni Shuaibu alikwenda nyumbani kwa marehemu, hatua mia mbili kutoka kiwanjani. Mjane, Bi Ashatu, alikuwa bado ndani ya eda, siku zake za mwisho tatu, na mwanamume asiye wake hakupita pazia. Alipokewa mlangoni na Hajra, mpwa aliyekuwa akimhudumia. Shuaibu alieleza alichokiona, kwa mpango, kama mtu anayeeleza njia.

"Wale tisa ni ndugu zetu," Hajra alisema. "Shamba lile ni la ukoo. Walizikwa pale chini ya mkorosho wote, na baba Mtoro naye."

"Mkorosho uko wapi?"

"Waling'oa. Walikuja na katapila mwezi wa pili wa eda. Siku moja tu, pakawa peupe." Aligeuka kutazama pazia, akapunguza sauti. "Mama hajui, kaka Shuaibu. Alisikia mngurumo, tukamwambia wanatengeneza barabara. Mtu wa eda hapewi habari nzito."

Mambo yalikwenda hivi, na hayakuwa siri. Kabla ya katapila alikuja mpimaji, mtu mtaratibu. Alipiga hodi mara tatu kwa Bi Ashatu. Hajra alimjibu kutoka ndani kwamba mwenye nyumba yuko edani na hatoki mbele za wanaume, arudi baada ya miezi miwili na nusu. Mpimaji alishukuru, akaandika: *Mwenyeji hakujitokeza.* Kisha akaenda shambani kutafuta makaburi. Ukoo ule haujengei makaburi saruji. Huweka jiwe kichwani na jiwe miguuni, basi, kwa kuwa ndiyo sunna waliyofundishwa. Mpimaji alitafuta saruji, hakuona. Akaandika: *Hakuna makaburi.* Karatasi ikapigwa mhuri. Na yale mawe ishirini, yaliyokuwa mazuri, ya matumbawe, mafundi waliyakuta yamerundikwa na katapila, wakayatenga yaingie kwenye msingi.

Ijumaa Bi Ashatu alitoka eda. Alioga, akavua nguo za msiba, akajifunga kanga mpya aliyoletewa na dada zake. Pwani wanawake hawafuati jeneza. Alimuaga mumewe mlangoni, na tangu hapo hakuwahi kuona alipolala. Ndilo jambo alilokuwa akilihesabia siku. Alitaka kuliona kaburi, alisalimie, akae nalo kidogo. Jumamosi asubuhi alisema anakwenda. Dada zake walitazamana. Hakuna aliyethubutu kusema neno, kwa hiyo walimwacha atembee.

Alifika kwenye kamba na vigingi, akasimama. Alitafuta mkorosho kwanza, kama mtu anavyotafuta taa mahali ambapo imekuwepo siku zote. Twalib alimwamkia, "Shikamoo, bi mkubwa," na yeye akaitika marahaba, akamuuliza makaburi yako wapi. Twalib alisema kwa mujibu wa karatasi hakuna makaburi. Halafu, kwa sababu hakuwa mtu mbaya, akaongeza kwamba yapo kwenye kioo cha Shuaibu.

Shuaibu alikuwa nje na mzigo wa mchanga. Alishuka, akageuka mwili mzima kumkabili. "Shikamoo, Bi Ashatu."

"Marahaba, mwanangu. Nasikia umemwona."

"Nimemwona."

"Yukoje?"

Shuaibu alifikiri. "Hajambo. Bado hajazoea wenzake."

Ngazi ya tipa ni ndefu, na Bi Ashatu ana magoti ya mtu wa miaka sitini na saba. Walimwekea ndoo ya rangi iliyopinduliwa. Alipokwisha kukaa upande wa abiria, kioo cha kushoto kilikuwa mbele yake kabisa, karibu kuliko kilivyowahi kuwa kwa Shuaibu. Alijitengeneza kanga kichwani. Shuaibu akaweka gia.

Bi Ashatu alikisogelea kioo. Mkono wake ulipanda ukaushika ukingo wa dirisha, ukabaki pale. Ndani ya kioo mkorosho ulikuwa umesimama na maua yake, upepo unayatikisa, na chini yake watu wake wote wamekaa, bibi yake, mama yake, dada yake aliyekufa kwa uzazi na kitoto chake mapajani. Na pembeni Mtoro, shingo imegeuka, anamwangalia. Mwanga wa mle ndani ulikuwa wa asubuhi, na asubuhi hiyo ilikuwa bora kuliko ile ya nje. Bi Ashatu alilia bila sauti, na akasema baadaye kwamba ilikuwa furaha, yenye kuogofya kidogo, kama mtu anapoiona bahari mara ya kwanza akiwa mtoto.

"Nataka kujua ni wapi," alisema mwishowe. "Pale chini. Nataka kusimama pale."

Dereva yeyote wa gari kubwa amezoea kuongozwa na mtu aliye nyuma: njoo, njoo, kata kulia, nyoosha, hapo. Siku hiyo ilikuwa kinyume. Bi Ashatu alishuka, akaenda nyuma ya gari na kijiti cha mrehani alichokuwa amekuja nacho, akasimama katikati ya udongo mwekundu usio na kitu. Shuaibu alihamia kiti cha abiria nusu, mguu wa kulia bado kwenye klachi kwa mnyoosho ambao asingeuomba tena, akatazama kioo, akapaza sauti.

"Njoo, bi mkubwa. Njoo. Kata kushoto. Kidogo. Unampita dada yako, pole, pandisha mguu. Nyoosha. Hatua moja. Nusu. Hapo."

Bi Ashatu alisimama. Kwa macho ya mafundi alikuwa mama mtu mzima kwenye ukingo wa mtaro wa msingi, mguu mmoja huku na mmoja kule. Kwenye kioo alikuwa amefika mkekani. Mzee Mtoro aliinua macho, akasogea kumpisha, akapiga kiganja pale alipomwachia nafasi.

"Anasema ukae," Shuaibu alisema.

Akakaa. Mafundi waliweka chini sururu zao. Alisoma Yasini yote kwa moyo, na hakuna aliyetazama saa, hata Twalib. Alipomaliza alichomeka mrehani pale pale, akainuka, akakung'uta kanga. Kisha akasema anataka kuonana na waliotia mhuri.

Walikuja Jumatatu, watu wawili: bwana mmoja wa ardhi mwenye faili la kijani, na Bwanausi, mwenyekiti wa kamati iliyopitisha viwanja vile. Walikuwa watu wa heshima zao. Walimpa Bi Ashatu pole ya msiba kabla ya mambo mengine, na walikubali bila ubishi kupanda kwenye tipa.

Bwana wa ardhi alitazama kioo kwa muda mrefu. Alivua kofia. Alisema amekagua maeneo kwa miaka kumi na sita na hajawahi kuona eneo likimtazama.

Bwanausi alipotazama, alitoa salamu kwa jina. "Yule wa fulana ni ami yangu," alisema. "Amenilea."

"Najua," Bi Ashatu alisema kutoka chini.

"Nilikuwepo tulipomzika. Jiwe la kichwani nililibeba mimi."

"Najua, Bwanausi."

Bwanausi alishuka kwa mgongo, akaegemea tairi. Bwana wa ardhi akafungua faili juu ya boneti, akatafuta fomu, akaipata. Ilikuwa na mstari mmoja tu wa jambo hilo. Aliusoma kwa sauti, ili asije akaonekana amebuni: *Makaburi yaliyoonekana na mkaguzi mbele yake.*

"Haya yako nyuma," alisema.

"Ni hapo hapo," Shuaibu alisema. "Wewe ukigeuka, ndiyo mbele yako."

Bwana wa ardhi aliona ni hoja ya haki. Aligeuza shingo, akatazama kiwanja kwa macho yake mawili, kuanzia barabarani mpaka kwenye mchongoma wa jirani. Palikuwa peupe. Palikuwa na mtaro, kamba, na kijiti cha mrehani. Akaandika: *Hakuna.* Aliandika kwa huzuni, na kalamu ilimkwama mara mbili.

"Tungeonyeshwa mapema, mama, kabla ya mhuri," alisema.

"Mlikuja nikiwa edani."

Alipekua faili nyuma, akafika kwenye ukurasa ule. "Ndiyo. Imeandikwa hapa kwamba mwenyeji hakujitokeza."

Wote waliafiki kwamba hilo ni kweli. Bwanausi alitia sahihi chini ya sahihi ya mwenzake. Kabla ya kuondoka aliomba apande tena mara moja, amuage ami yake, na Shuaibu akamwekea gia.

"Akufukuzaye hakwambii toka," Bi Ashatu alisema gari lao lilipokwisha kushika barabara. Alisema kama anayekumbusha tu, akaenda kuumwagilia mrehani.

Sasa Twalib alikuwa na ukuta wa uzio wa kumaliza na dereva asiyerudi nyuma. Alijaribu njia za kawaida. Kioo kilivuliwa, kikafungwa kipya kutoka Dar. Kipya kilionyesha vile vile, tena kwa uangavu zaidi. Kilifunikwa gunia, lakini Shuaibu alisema harudi na jicho moja. Mwishowe aliletwa dereva mwingine, Salumu wa Mapinga, mwenye shingo laini kama ya bata. Salumu aliambiwa kila kitu. Alisikiliza kwa heshima, akasema yeye hana neno na marehemu, ila vioo hajawahi kuvihitaji. Akavikunja vyote viwili vikalala ubavuni mwa gari.

Siku hiyo Shuaibu hakuwa na kazi pale, lakini alikuja. Aliegesha tipa lake ng'ambo ya barabara, mgongo kwa kiwanja, Bi Ashatu upande wa abiria, gia ya nyuma mahali pake. Hawakuwa wamepanga kufanya lolote. Shuaibu moyoni alitaka gari la Salumu lizimike, na aliona aibu kumwombea mwenzake shari.

Salumu alitoa kichwa dirishani, akageuka kiasi cha kumwonea mtu wivu, akaanza kurudi.

Kwenye kioo cha kushoto Mzee Mtoro aliinuka. Alijifunga nguo yake nyeupe kiunoni, kama mtu wa kazi, akatembea mpaka nyuma ya tairi la kushoto la Salumu, akasimama pale anaposimama mtu anayejua kuongoza gari, si karibu mno, si mbali. Akainua mikono. Njoo, njoo. Kata kulia. Nyoosha. Wengine walikusanya mikeka yao bila haraka, mmoja baada ya mwingine, wakasogea mahali ambapo gari lilikuwa halijafika, na gari lilipopita wakakaa tena. Mwenye mtoto mchanga alikuwa wa mwisho, maana kitoto kilikuwa kimelala. Mzee Mtoro alimwona. Aligeuza viganja vyote viwili: taratibu, taratibu. Salumu, kwa sababu zake mwenyewe, alipunguza mwendo. Gari lilisimama shubiri moja kutoka kwenye magoti ya yule mama, na Mzee Mtoro akapiga ubao wa bodi mara mbili kwa kiganja, kama inavyofanywa.

Bi Ashatu alikuwa akitabasamu huku machozi yakimtoka.

"Huyo ndiye," alisema. "Hawezi kuona gari linarudi akakaa kimya."

Salumu alimwaga mawe yote, akashuka, akaikagua kazi yake. Hapakuwa na kigingi kilichoguswa. "Mnaona?" aliwaambia mafundi. "Shingo tu."

Mawe yale yalitosha. Ukuta ulisimama kwa siku kumi na moja, futi tisa, na vipande vya chupa juu yake. Mrehani uliingia chini ya msingi pamoja na mambo mengine. Mwenye kiwanja hakuonekana. Ilisemekana yuko safarini na atajenga baadaye, au hatajenga. Bi Ashatu alipeleka barua mbili. Alijibiwa zote, kwa lugha nzuri, kwamba mkaguzi alifika.

Kila Alhamisi baada ya alasiri, Shuaibu huosha tipa lake na kumpitia Bi Ashatu. Ndoo ya rangi husafiri nyuma ya kiti, ya kupandia. Wakati mwingine huja na jirani, au Hajra, au fundi yule mwenye kelele, ambaye sasa hupita kila wiki, na huketi kwa zamu. Bwanausi amekuja mara tatu. Hakuna anayeshangaa tena, lakini hakuna anayeongea kwa sauti, na viatu bado huachwa chini. Twalib alipata kazi Kibaha, akaacha salamu zao.

Alhamisi iliyopita walikuwa wawili tu. Shuaibu aliegesha mgongo kwa ukuta, akaweka gia, na kwenye kioo cha kushoto hakukuwa na ukuta. Kulikuwa na mkorosho, umeanza kuzaa. Nguo ya Mzee Mtoro ilikuwa imepoteza mikunjo, na alikuwa amesogea karibu zaidi na wenzake. Pembeni yake mkeka ulikuwa na nafasi ya mtu mmoja.

"Rudi kidogo," Bi Ashatu alisema.

Alirudi kidogo. Mzee Mtoro aligeuza shingo, akawaona, akainua mkono. Njoo.

"Bado," Bi Ashatu alisema.

Shuaibu alirudi tena, upana wa mkono kwa upana wa mkono, macho kwenye kioo kama alivyofanya kwa miaka ishirini na mitatu. Njoo, mkono wa mzee ulisema. Njoo, njoo, nyoosha. Mbele yake, ndani ya kioo, palikuwa na hatua kumi nzima za ardhi safi. Kisha bampa la nyuma likagusa kitu kigumu, kwa sauti ndogo ya chokaa inayomeguka. Kilikuwa kitu cha kwanza Shuaibu kugusa maishani akirudi nyuma.

"Ndiyo mwisho, bi mkubwa," alisema. "Ukuta."

Bi Ashatu alikitazama kioo. "Anasema kweupe."

"Ndiyo," Shuaibu alisema, mguu kwenye breki. "Anasema kweupe."